Paka wa Mama Masele

Kwa hesabu ya Martina, mtoto alikuwa bado hajazaliwa. Kwamba alikuwepo chumba cha pili, amefungwa kwa kitenge kifuani pa mama yake, akinyonya kwa tabu na kupumzika kila baada ya mafunda mawili, hilo halikubadilisha kitu. Alikuwa amekuja duniani mimba ikiwa na miezi saba na siku chache. Muda uliobaki ulikuwa lazima ukaliwe, na ungekaliwa humu ndani, mlango umerudishwa, bila mtu wa nje kujua.

Ndivyo walivyofanya kwao, upande wa mama yake mzazi. Mtoto aliyewahi hatajwi. Hapigiwi vigelegele, hapewi jina, nguo zake hazianikwi nje, mpaka mwezi wake ufike. Humu ndani hata neno mtoto halikutumika. Aliitwa mgeni.

"Mgeni amekunywa?" Martina aliuliza kutoka uani, akipepeta mchele.

"Amekunywa, mama. Amelala vizuri," alijibu mkwewe, Vumilia.

"Usiseme vizuri. Sema amelala. Inatosha."

Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa ndani, kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda. Vitambaa vya mgeni vilikaukia hapo, na nyumba nzima ilinuka sabuni na unyevu. Vumilia akitaka kwenda chooni alimkabidhi Martina mgeni, akakunja khanga mbili, akazifunga tumboni chini ya gauni, akatoka anatembea kwa kuegemea nyuma kama wajawazito wanavyotembea. Ngokolo ni mtaa wa watu wenye macho. Wigo wa minyaa ulikuwa umetoboka sehemu nyingi kuliko ulivyoziba.

Kiwandani alikofanya kazi Vumilia nako kulikuwa kumeshapangwa. Siku Vumilia alipolazwa ghafla, Martina ndiye aliyempigia simu msimamizi wake, amesimama kwenye korido ya hospitali na kandambili mguu mmoja. Akasema Vumilia amekwenda msibani Runzewe. Siku za msiba zilipokwisha, akapiga tena: msiba umemwachia homa. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo. Wa pili ulikuja kuushikilia ule wa kwanza usianguke.

Vumilia alikuwa amekubali. Alikuwa kitandani hospitalini, mgeni yuko kwenye kisanduku cha kioo chumba kingine, na mama mkwe amemshika mkono anamwambia, niahidi. Mtu wa hali ile anaahidi chochote.

*

Jirani yao Loveness aliingia bila hodi, kama kawaida yake, na kifuko cha nailoni mkononi. Alifanya kazi kiwanda kilekile cha kukamua mafuta ya pamba, meza moja na Vumilia, kwenye kufunga vifuniko vya madumu. Juu ya hapo alikuwa mwakilishi wa wanawake kwenye tawi la chama cha wafanyakazi.

"Shikamoo, Mama Masele."

"Marahaba. Umetoka zamu?"

"Nimetoka. Nimewaletea dagaa, wa Nkome hawa, hawana mchanga." Akaweka kifuko mezani. "Kwa ajili ya paka."

Martina akasimamisha ungo.

"Si mmefuga paka?" Loveness alisema, macho yake yako kwenye kalenda. "Usiku namsikia analia. Sauti ndogo kweli. Nikasema huyu paka lazima ale, na waliomfuga nao wale."

"Tumefuga," alisema Martina. "Panya wamezidi."

"Panya ni wabaya." Loveness akavuta kigoda, akakaa. "Mama, nimekuja na jambo lisilopendeza. Ofisini wamesema Vumilia ni mtoro. Jumatatu asubuhi anaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Asipokuwa na maelezo wanamwachisha."

Kitenge cha mlango wa chumbani kikatikisika. Vumilia hakutoka.

"Si tumesema ana homa?"

"Homa ina karatasi ya daktari, mama. Na msimu wa pamba umeanza, mbegu zimejaa mpaka getini, kila mtu anahesabiwa." Loveness akajikuna kiwiko. "Halafu kuna hili jambo jingine. Sheria ya kazi imebadilishwa. Mwanamke akijifungua kabla ya wakati, mtoto njiti, likizo yake inaongezwa. Tulifundishwa kwenye semina ya chama. Miaka ya nyuma walikuwa wanarudi kazini mtoto bado yuko hospitalini, tulikuwa tunawaona wanalia juu ya madumu. Sasa hapana." Akainuka. "Lakini hayo hayawahusu ninyi. Ninyi mna paka."

"Hayatuhusu," alisema Martina.

"Haya. Niwaache."

Alipofika kwenye wigo aligeuka. "Dagaa wakaangwe kidogo tu, mama. Wakiiva sana paka hapati maziwa."

Martina alitazama kile kifuko muda mrefu. Kisha akabandika sufuria, maana dagaa wa Nkome hawaachwi waharibike kwa sababu ya mtu mwenye mdomo.

*

Jumapili Masele alirudi kutoka Isaka, kwenye bandari kavu, ambako alipakua shehena za malori. Alikuwa kibarua. Kazi ipo, anapakua. Haipo, anakaa kwenye kivuli cha kontena na wenzake wanasubiri. Hakuwa na likizo hata ya kuumwa jino. Alioga, akavua shati, akaketi kitandani, na mkewe akamlaza mgeni kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kama walivyofundishwa na wauguzi. Kifua kile kilikuwa kimebeba saruji wiki nzima. Sasa kilikuwa kinaogopa kupumua.

"Anapata joto?" aliuliza.

"Anapata. Wewe ni jiko kabisa," alisema Vumilia, akajinyoosha mgongo. Alilala usingizi palepale, ameketi.

Jua lilipopanda chumba kikawa tanuri. Masele akatoka kukaa kibarazani, amevaa koti lake kubwa la mvua juu ya mgeni, vifungo vyote mpaka shingoni. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu. Wapita njia wakasalimia.

"Masele, koti la nini na jua lote hili?"

"Homa, kaka."

"Nyumba yenu ina homa nyingi!"

"Imetuingia wote."

Martina alikuwa nyuma yake anachambua dagaa, akajizuia kucheka, akashindwa. Masele naye akacheka, kisha akanyamaza haraka kwa sababu mgeni alijikunyata.

"Mama," alisema taratibu. "Tuwaambie kiwandani. Kazi ya Vumilia ndiyo yenye bima. Kliniki ya huyu ni kila wiki. Mimi Isaka sina hata kitambulisho."

"Ukiwaambia ofisini umeuambia mji mzima. Kesho wanakuja na sabuni na khanga, kila mmoja anataka kumwona, kila mmoja anasema lake. Ah, mdogo! Ah, ana macho! Hapana."

"Vumilia ameipata ile ajira ya kudumu juzi tu. Miaka yote alikuwa kibarua kama mimi."

"Kazi zipo. Huyu yuko mmoja."

Masele akainamia koti lake. Alikuwa mtu mzima, mikono yake ilinyanyua magunia ambayo wengine waliyavuta, lakini mbele ya mama yake alikuwa bado yule wa kutumwa chumvi. Martina akaitazama shingo ya mwanawe inavyong'aa jasho, akaona ameongea vibaya. Akasogea.

"Nilikuwa na wangu kabla yako," alisema kwa sauti ya chini. "Aliwahi hivihivi. Baba yako kwa furaha akamwita jina siku ileile, ngoma ikapigwa, watu wakajaa. Hakumaliza wiki."

Masele aligeuza kichwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia.

"Aliitwa nani?"

Martina akarudi kwenye dagaa wake. "Funga hicho kifungo cha juu. Upepo unaingia."

*

Jumatatu Masele alikuwa ameshaondoka na lori la alfajiri. Vumilia alijiandaa kwa kikao kama mtu anayekwenda kanisani. Akavaa gauni la kitenge, akachana nywele, kisha akachukua zile khanga mbili, akazikunja, akazifunga tumboni. Wenzake kiwandani aliwaacha akiwa mjamzito; asingeweza kuingia tumbo likiwa limelala.

"Utawaambia nini?" Martina aliuliza. Mgeni alikuwa tayari kifuani pake, chini ya blauzi, amefungwa kwa kitenge cha bluu.

"Nitawaambia nimekosa."

"Sema uliumwa."

"Sina karatasi, mama. Uongo umenichosha." Hakusema kwa ukali. "Nitanyamaza. Wakiniachisha wameniachisha. Nilikuahidi."

Akajipaka mafuta mikononi, akavaa viatu vile vyeusi alivyovinunua siku aliyosaini mkataba. Mgeni akatoa sauti yake ile ya paka, mara moja tu. Vumilia alikuwa ameshika mlango. Martina akaliona doa la kwanza kwenye gauni, upande wa kushoto. Kisha la kulia. Maziwa yalishuka polepole, yakafika kwenye lile tumbo la khanga na kulilowesha.

Vumilia akajitazama. Akachukua mtandio, akajifunika kuanzia shingoni, akatoka.

Martina alibaki amesimama katikati ya chumba. Vitambaa vyenye unyevu vilimgusa kichwani. Mwanamke ana tumbo la uongo na maziwa ya kweli, na anakwenda kunyamaza mbele ya watu, kwa sababu yake yeye, Martina. Mama mkwe wake mwenyewe alimtesa kwa mengi, lakini hakuwahi kumfanyia hili.

"Mayu," alimwambia mgeni, kwa jina la heshima wanalopewa wanawake wa Kisukuma. "Tunatoka."

Akaita bajaji. Akamwambia dereva aende taratibu mno, na akiwarusha kwenye shimo hata moja halipwi.

*

Getini pa kiwanda mlinzi alikuwa Chacha, mwanamume mrefu mwenye filimbi shingoni. Kazi yake kubwa ilikuwa kupapasa watu wakitoka, maana mafuta yalikuwa yanatoka kwa njia za ajabu, hata ndani ya soksi. Wanaoingia nao aliwatazama vibaya, kwa mazoea.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwenye kikao. Mimi ni mama mkwe wa Vumilia."

"Kikao ni cha wafanyakazi. Na hicho kifuani ni nini?"

"Hakikuhusu."

"Hapa kila kitu kinanihusu. Fungua nione, au rudi."

Nyuma yake lori la mbegu lilipiga honi. Wapakiaji wanne walikuwa wameketi juu ya magunia, wanatazama. Martina alihisi ule uzito mdogo kifuani, moto, unaopumua kwa haraka. Hakuwa amewahi kulitamka nje ya nyumba. Sasa mtu wa kwanza kuambiwa angekuwa askari wa geti.

"Ni mjukuu wangu," alisema. "Amezaliwa."

Hakuna kilichotokea. Lori likapiga honi tena. Chacha akainama, akaona kofia ya sufu ndogo kama kikombe cha kahawa, akarudi nyuma hatua, akavua kofia yake mwenyewe. Akamgeukia dereva. "We! Zima honi! Huoni kuna mtoto?" Kisha kwa sauti nyingine kabisa, "Mama, funika. Hapa kuna vumbi la pamba, si zuri kwa kifua chake. Ofisi ni ule mlango wa kijani. Pita huku ukutani, usipite kwenye mashine."

Mlango wa kijani ulikuwa wazi nusu. Martina alimsikia mkwewe: "Sina la kujitetea. Niandikieni tu."

"Hodi," alisema, na hakungoja karibu.

Ndani walikuwa wanne. Vumilia, na mtandio wake. Loveness, kwenye kiti cha mwakilishi. Deusdedit, afisa utumishi, kijana mwenye miwani na faili. Na pembeni, kwenye kiti chake cha mbao, Mzee Kamrudin, mwenye kiwanda.

"Mama!" Vumilia aliinuka. "Mgeni..."

"Ninaye. Kaa."

"Shikamoo, mama," alisema Deusdedit. "Tuko kwenye kikao cha ndani, lakini..."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema jambo moja. Runzewe hakufa mtu. Mtu amezaliwa hapa Shinyanga, na amewahi. Mimi ndiye niliyepiga simu, mimi ndiye niliyedanganya. Huyu alinyamaza kwa sababu nilimwapisha. Fukuzeni uongo wangu, yeye mwacheni."

Loveness alitazama sakafu, anauma mdomo. Deusdedit akavua miwani, akaivaa tena.

"Mtoto alizaliwa lini?"

Vumilia akamtazama mama mkwe kwanza. Martina akaitikia kwa kichwa. Vumilia akataja tarehe, kisha akaachia mtandio, akafungua zile khanga mbele yao wote, akaziweka mapajani. Alipumua kama mtu aliyetua ndoo.

"Vumilia," alisema Deusdedit, "wiki zote hizi ulikuwa unafunga khanga?"

"Nikitoka nje tu."

"Ungetuambia siku ya kwanza usingekuwa hapa. Ungekuwa nyumbani, na mshahara unaingia." Akawageukia wote. "Sheria imebadilika. Akijifungua njiti, ule muda uliobaki mpaka mimba itimie wiki arobaini unaongezwa kwenye likizo yake. Ni kama kusema mtoto apewe kwanza muda aliokosa tumboni, ndipo hesabu ya kawaida ifuate."

"Rudia," alisema Martina.

Akarudia, polepole zaidi.

"Nani amewaambia hivyo?"

"Nani amewaambia nini, mama?"

"Kwamba wa hivi haanzi kuhesabiwa mpaka miezi yake itimie."

"Ni Bunge, mama. Limepitisha."

"Huko Bungeni yupo mtu wa kwetu?"

"Wasukuma? Wapo wengi."

"Nilijua," alisema Martina, akaketi kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha.

Loveness akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akajifunika uso. Deusdedit naye akatabasamu, kisha akakumbuka faili. Kudanganya bado ni kosa, alisema. Vumilia atapata onyo la maandishi na alete kadi ya kliniki. Martina akaomba aandikwe yeye. Akaambiwa haiwezekani, yeye si mfanyakazi.

"Na baba wa mtoto naye ameongezewa siku," Deusdedit alisema, kama mtu anayetaka kumaliza kwa zuri. "Anafanya kazi wapi?"

"Isaka. Kibarua. Wakimwona hajafika wanamchukua mwingine."

Kijana akafunga faili polepole. "Hapo, mama, sijui nikudanganye nini."

"Usinidanganye. Tumeshadanganya vya kutosha sisi."

Mzee Kamrudin akainuka kwa kushika meza, akasogea. "Naruhusiwa kuona?"

Mkono wa Martina ukakaza kitenge. Halafu ukalegea, akafungua upana wa vidole viwili. Mzee akachungulia, hakugusa, hakusifia. Pengine kwao nako haikuwa desturi.

"Mjukuu wangu Taufiq alikuwa hivi," alisema. "Mama yake alikaa naye kifuani mpaka mgongo ukapinda. Leo anavunja vioo vyangu kwa mpira." Akarudi kwenye kiti, akawa tajiri tena. "Sawa. Sheria ni sheria. Lakini vifuniko nani atafunga? Msimu huu siwezi kuacha meza tupu."

"Tutapokezana sisi wa meza ile," alisema Loveness. "Ila masaa ya ziada, bosi, yalipwe kama masaa ya ziada."

"Ninyi wanawake mkikaa semina moja..."

"Tunakwenda ya pili mwezi ujao."

*

Watu walikuja, bila shaka. Walileta sabuni, khanga, na mmoja kuku. Martina aliwapokea kibarazani, akawapa chai, na wote wakaondoka hawajaona hata unyayo. Walikuwa wamesikia, sawa. Kuona ni jambo jingine. Onyo la Vumilia lilikaa kwenye kabati chini ya Biblia. Masele aliendelea kuja Jumapili, na sasa alikaa na kifua wazi kibarazani, amefungwa kitenge kama mwanamke wa sokoni, vijana wa mtaa wakimtania na yeye akiwajibu kwamba hili jiko halikodishwi.

Mgeni alipata mashavu. Alijifunza kulia kama mtu.

Ilipofika ile asubuhi ambayo Martina alikuwa akiisubiri, hakumwambia mtu. Alifungua kamba ndani, akaifunga nje, kutoka kwenye nguzo ya kibaraza mpaka kwenye minyaa, akaanza kuanika. Vitambaa, vikofia, soksi ndogo za rangi mbalimbali. Jua la kiangazi lilikuwa limewaka mapema. Vumilia alitoka na mtoto begani, akaona kamba, akasimama mlangoni.

"Mama?"

"Njoo. Njoo hapa kwenye mwanga."

Upande wa pili wa wigo Loveness alikuwa anapiga mswaki kabla ya zamu. Akatema povu. "Mama Masele! Paka wenu leo ana nguo?"

"Ana nguo," Martina alijibu, akibana soksi ya mwisho. "Na jina analo."

"Hee! Anaitwa nani?"

Martina akamchukua mtoto kutoka kwa mkwewe, akamgeuza uso utazame mtaa. Mtoto akakunja macho kwa ukali wa jua. Kwa muda Martina alisimama tu, mdomo umefunguka, kama mtu aliyesahau. Miaka mingi jina hilo halikuwahi kupita kooni pake.

"Limi," alisema, na hakulisema kwa sauti ndogo. "Anaitwa Limi."

Vumilia, ambaye Masele alikuwa amemsimulia yote, hakuuliza limetoka wapi. Alisogea akamshika mama mkwe kiunoni, na Loveness, nyuma ya minyaa, mswaki ungali mkononi, akapiga kigelegele kilichofika mpaka barabarani.